Matembezi ya Msituni na Mimea ya Kuogopa

Kabla ya mabati, Kibera ilikuwa msitu. Jina lenyewe latokana na neno la Kinubi, Kibra, maana yake msitu. Mabaki yapo jirani, Ngong Road Forest, iliyotangazwa hifadhi mwaka 1932. Wa Kawangware hawako mbali na Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907.

Kutembea kwa kikundi na mwelekezi si jambo geni Nairobi. Fleur Ng'weno alianza kuwaongoza watu kutazama ndege kila Jumatano asubuhi mwaka 1971. Na kwa afya? Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Kutembea kwa mwendo wa haraka kunahesabiwa, na hakuna ada ya jimu.

Lakini mama, baba, hapa nisikilizeni. Mwelekezi mzuri hakuonyeshi chozi na kima tu. Atakuonyesha pia mbono, ambao wengine huuita mbarika. Unaota hata kando ya reli na mitaro yetu. Mbegu zake zina madoa, zinapendeza kama maharagwe, na watoto huzichezea. Mtoto akizitafuna, huenda akakaa saa kadhaa bila dalili, kisha aanze kutapika, kuumwa na tumbo na kuharisha, pengine damu. Wazazi hudhani ni maji machafu, na muda unapotea.

Mwingine ni mnanaha, wenye maua kama tarumbeta na tunda la miiba. Aliyeula hukauka mdomo, mboni za macho hupanuka, huweweseka na kuona visivyokuwepo. Majirani husema amerogwa! Hajarogwa, amekula sumu.

Usimlazimishe kutapika, wala usimpe maziwa au mafuta kama dawa. Mpeleke hospitali mara moja, ukibeba kipande cha mmea au mbegu ili daktari ajue.

Kima msiwalishe, maana wakizoea chakula watanyang'anya na kuuma. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kliniki siku hiyo hiyo aulizie chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kwa hiyo siku ya matembezi, mwombe mwelekezi aanze na mbono na mnanaha, hata kama ndege watapuruka.