Chemba ya Choo Si Mtaro wa Mvua

Mvua za Durban zikianza, Oktoba au Novemba, swali huwa lilelile. Anayeuliza ni jamaa wa Dar es Salaam, Mombasa, Bukavu au Bujumbura, anapanga chumba cha uani Umbilo au Chatsworth, na maji ya paa yanamjalia mlangoni. Mwenye nyumba amemwambia, au fundi wa mtaani amemshauri, kwamba bomba la gata ligeuzwe tu lielekee kwenye chemba ya choo. Anataka nimthibitishie. Nikikataa anauliza tena kwa namna nyingine: si yote ni maji? Si yote yanaishia baharini?

Si yote ni maji, na hayaendi baharini kwa njia moja. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno kwa mdomo, ngoja nilijibu kwa maandishi.

Durban ina mitandao miwili chini ya ardhi. Wa kwanza ni wa majitaka: choo, bafu, sinki, mashine ya kufulia. Huo unaishia kwenye mitambo ya kusafisha, kama ule wa kaskazini ulio kando ya mto uMngeni na ule wa kusini ulioko Merebank. Wa pili ni wa maji ya mvua: mapaa, barabara, maegesho. Huo hauna mtambo wowote. Unachukua maji kama yalivyo na kuyamwaga mtoni, bandarini au ufukweni. Mitandao hiyo haikujengwa ili ikutane, na sheria ndogo za manispaa ya eThekwini zinakataza kabisa maji ya mvua kuingizwa kwenye bomba la majitaka. Aliyewahi kuishi London ataniambia kule yanakwenda pamoja. Ni kweli, katikati ya jiji lile mabomba ya karne ya 19 yanabeba yote mawili, na ndiyo sababu mto Thames umekuwa ukipokea kinyesi kila mvua ikizidi, mpaka wakalazimika kuchimba handaki la kilomita 25 lililounganishwa lote mwaka 2025. Huo si mfano wa kuiga.

Sasa nije kwenye imani yenyewe, maana chini ya swali hili kuna imani, na ndiyo inayonikera. Watu wanaamini kwamba mvua inasafisha mabomba ya choo. Wanaisema kwa uhakika wa mtu aliyeshuhudia: choo kilikuwa kinashuka kwa taabu, mvua kubwa ikanyesha, gata likamwaga kwenye chemba usiku kucha, asubuhi choo kikashuka vizuri. Kwa hiyo mvua ni dawa, na manispaa inayoikataza haijui inachosema.

Tuanze na kipimo. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 30 kwa saa, ambayo kwa pwani hii si mvua ya kusimuliwa, linamwaga lita 3,000 ndani ya saa hiyo. Familia ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 120, hutoa lita 600 kwa siku nzima. Paa lako peke yake, kwa saa moja, limeingiza bombani maji sawa na majitaka ya familia ya siku 5. Bomba la mtaani la milimita 150 lenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 80 hubeba takriban lita 17 kwa sekunde likijaa kabisa. Mapaa 20 yanatosha kulijaza, na mapaa 20 ni kipande kifupi tu cha mtaa.

Kuna anayenijibu kwamba siku za kawaida bomba hilo liko karibu tupu, basi nafasi ipo. Iko, na imeachwa kwa makusudi. Bomba la majitaka linahitaji hewa juu ya maji ili mtiririko uende kwa utulivu na gesi zipate njia ya kutokea. Hewa hiyo ikikosekana, maji yanayopita kwa kasi yanafyonza yale maji machache yanayokaa kwenye kiwiko chini ya sinki na chini ya bafu. Kiwiko kikikauka, harufu ya bomba inapanda hadi jikoni. Wangapi wameniita siku mbili baada ya mvua wakisema kuna panya amekufa ukutani? Hakuna panya. Na nafasi hiyo iliyobaki si ya nyumba yako pekee. Bomba lako linaingia kwenye lingine, na lile kwenye kubwa zaidi linalopokea maelfu ya nyumba, na kila mwenye gata anafikiri ni yeye tu.

Je, maji mengi hayasukumi uchafu? Bomba la majitaka limewekewa mteremko unaofanya maji ya kila siku, saa za asubuhi watu wanapooga, yafike kasi ya mita 0.7 hivi kwa sekunde. Kasi hiyo inatosha kubeba kinyesi na karatasi. Linajisafisha lenyewe kila siku bila msaada wa mbingu. Mvua inapoingia, bomba la chini linajaa kabla ya lako. Kituo cha kusukuma majitaka, na Durban kwa milima na mabonde yake ina vituo vingi, kinapokea kuliko pampu zake zinavyoweza kutoa, na maji yanaanza kusimama na kurudi nyuma. Maji yaliyosimama hayasukumi kitu. Yanatua. Palepale unapodhani bomba linaoshwa, ndipo kila kizito kinapokaa chini.

Na kizito hicho kinakuja na mvua yenyewe. Maji ya paa na ya uani hapa yanabeba mchanga, ule mwekundu wa kilima cha Berea unaochafua kuta na viatu kila mvua ikinyesha. Majitaka ya nyumbani hayana mchanga wa maana. Ukiuingiza, unalala kwenye sakafu ya bomba, mafuta ya kupikia yaliyoganda kwa ubaridi wa maji ya mvua yanaukamata, na baada ya miezi una tabaka gumu linalokwanguliwa kwa mashine ya maji ya shinikizo, si kwa fimbo. Mchanga unaofika mbali zaidi unasaga mapangaboi ya pampu kituoni.

Yule ambaye choo chake kilishuka vizuri asubuhi hakudanganya. Alichoshuhudia ni bonge lililosukumwa kutoka kwenye bomba lake la milimita 110 kwenda kwenye lile wanalochangia na jirani wa chini. Chatsworth, ambako nyumba zimeshikana kwenye miteremko, jambo hili linaonekana wazi kuliko kokote. Kule Bayview, walikohamishiwa Wazanzibari wa Durban miaka ya 1960 baada ya kuondolewa King's Rest kwa sheria ya ubaguzi wa makazi, nyumba ya juu ikiunganisha gata, ya chini kabisa ndiyo inayopandwa na kinyesi bafuni. Mwenye nyumba ya juu hajui. Kwake mambo ni safi. Bibi wa nyumba ya chini ndiye anayepiga deki saa nane za usiku kwa maji yenye uchafu wa watu asiowajua, na wakati mwingine yeye ndiye anayelaumiwa kwamba ametupa matambara chooni.

Imani hii ina ndugu yake tunayemjua vizuri kutoka nyumbani. Dar es Salaam tunaita kutapisha: masika yakianza, mwenye choo cha shimo kilichojaa anatoboa pembeni, mvua inabeba, choo kimepatikana upya bila gharama. Kila mtu anajua kinakwenda wapi na kila mtu anajua kipindupindu cha mwaka 2015 kilivyoanzia Dar na kusambaa nchi nzima. KwaZulu-Natal nayo ina kumbukumbu yake, mlipuko wa kipindupindu ulioanza Agosti 2000 na kuugusa watu zaidi ya 100,000, wengi wao watu waliokuwa wakichota maji mtoni. Kuunganisha gata na chemba ni kutapisha kwa bomba la plastiki. Tofauti ni kwamba hapa shimo linalotapika ni la mtaa mzima, na linatapika mahali ambapo wewe hupaoni: mfuniko wa chemba unaonyanyuka bondeni, kituo cha pampu kinachofurika kwenda kwenye kijito, kijito kinachoingia uMngeni, na uMngeni unaotoka Blue Lagoon, ambako Jumapili tunapeleka watoto kuchezea maji.

Mtambo wa kusafisha nao haupendi mvua. Kazi pale inafanywa na bakteria hai wanaokaa kwenye matangi wakila uchafu. Maji yakija mengi kupita kiasi yanawasomba na kuwatoa nje, na kuwalea upya huchukua siku nyingi. Siku zote hizo kinachotoka mtamboni hakijasafishwa inavyotakiwa, hata kama jua limeshawaka na watu wamesahau kwamba kulinyesha.

Msinielewe vibaya kuhusu mafuriko ya Aprili 2022. Tarehe 11 na 12 mwezi ule baadhi ya vituo vya kupimia mvua vilipata zaidi ya milimita 300 kwa saa 24. Zaidi ya watu 400 walikufa katika jimbo hili, miteremko iliporomoka na nyumba, mitambo na vituo vya majitaka vikaharibiwa, fukwe zikafungwa kwa miezi. Magata hayakusababisha hayo, na manispaa ina deni lake la matengenezo ambalo wakazi wana haki ya kulidai kwa sauti kubwa. Lakini mvua ya namna ile inamwaga lita 30,000 juu ya paa la mita 100 za mraba. Anayeendelea kuzielekeza chooni baada ya kuona yale sina ninachoweza kumsaidia.

Toka nje sasa uangalie. Chini ya dirisha la jikoni, ukutani kwa nje, kuna kikarai cha saruji au plastiki chenye wavu, ambamo bomba la sinki linamwagia. Ukingo wake umeinuliwa juu ya usawa wa uwanja ili maji ya mvua yasiingie. Mahali ambapo uwanja umemwagwa zege upya kwa ajili ya maegesho au vyumba vya kupangisha, zege mara nyingi limepandishwa hadi usawa wa ukingo, wavu umeondolewa, na bomba la gata limekatwa likaelekezwa hapo. Kikarai hicho kimewekwa ili bomba la mtaani likiziba, uchafu utokee nje kabla haujapanda ndani. Ukikifunika kwa zege au kukifanya mtaro, umeondoa kinga yako mwenyewe.

Cha kufanya, kwa haraka. Mimina ndoo mbili za maji yenye rangi ya chakula ndani ya gata na mtu asimame kwenye chemba iliyofunguliwa: rangi ikionekana, umeunganishwa, mwite fundi bomba mwenye leseni alitenganishe. Maji ya paa yapelekwe kwenye mtaro wa barabarani au bustanini mbali na msingi. Shimo la kunyonya maji linafaa kwenye uwanja wa tambarare wenye mchanga. Kwenye mteremko mkali usichimbe kabisa, udongo ukilowa unaondoka na ukuta. Bora kuliko yote ni tangi, la lita 2,500 linatosha kwa kuanzia, na kwa jinsi maji ya bomba yanavyokatika hapa, utaflashia choo na kupigia deki wakati majirani wanabeba ndoo. Usiliunganishe tangi na bomba la manispaa bila vali ya kuzuia maji kurudi. Inua ukingo wa kikarai, rudisha wavu. Kwa upande wa pili, usimwage oili ya gari, maji ya rangi wala mafuta ya kukaangia kwenye mtaro wa barabarani. Hakuna anayeyasafisha kabla hayajafika bandarini. Mafuta ya jikoni yaweke kwenye chupa, yatupwe na taka. Maji ya moto na sabuni hayayaondoi, yanayahamisha tu hadi yatakapopoa.

Mpangaji, mabomba ya ndani ya kiwanja ni ya mwenye nyumba, la mtaani ni la manispaa. Mwandikie mwenye nyumba ujumbe wenye picha, usimwambie kwa mdomo tu. Uchafu ukianza kupanda, acha kutumia maji nyumba nzima, hata ya kunawia, ondoa kilichofunika kikarai cha nje ili utokee huko, na waulize majirani wa juu na wa chini kama nao wamepandwa. Wakisema ndiyo, tatizo liko mtaani: piga simu manispaa, taja ni chemba ipi inayofurika na iko mbele ya nyumba namba ngapi, na usikate simu kabla hujapewa namba ya kumbukumbu. Kila jirani apige na apate yake.