Siku watakapoomba diploma yenyewe

Ujumbe unaotisha kuliko wowote katika ofisi za Goma ni mfupi: leta diploma yenyewe na karatasi za pointi kabla ya Ijumaa. Aliye nazo hufungua farde yake, akazitoa kwenye plastiki, akaenda. Aliyeandika "Licencié" kwenye CV huku memwari yake, tasnifu ya kumalizia masomo, haijatetewa, usiku huo halali.

Kazi yangu ni kusoma mafaili ya waombaji kazi, na watu ninaowaona wamekwama hivi ni nadra kuwa matapeli. Wengi ni wafinalisti. Kozi wamemaliza, ada ya mwaka wa mwisho haikutimia, au mwalimu aliyekuwa akisimamia memwari amehama mji. Na Goma ina mambo yake. Lava ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji na kuunguza nyumba pamoja na karatasi zilizokuwamo. Tarehe 22 Mei 2021 watu walikimbia tena usiku. Januari 2025 vita viliingia mjini, na mwezi huohuo Marekani ikasimamisha fedha za misaada zilizokuwa zikilipa mishahara mingi hapa. Kazi zimepungua, wanaozitafuta wameongezeka, na kishawishi cha kujipandisha ngazi moja kimekua.

Nimeona mstari wa uongo unavyozaliwa. Kijana anaingia kwenye kibanda cha sekretarieti kuchapisha CV. Mchapaji anafungua CV ya mteja wa jana, anafuta jina, anaweka jipya, anabadili namba ya simu. "Licencié en Gestion" inabaki palepale. Mwenye CV anaiona kwenye kioo cha kompyuta, anasita, anakumbuka ni memwari tu iliyobaki, anaiacha. Analipia nakala tano.

Wapo pia wanaopotoshwa na neno lenyewe. Katika mfumo wa zamani, graduat ilikuwa miaka 3, kisha lisansi miaka 2 juu yake, jumla 5. Mfumo wa LMD, ulioenea vyuoni kwetu kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, unaita lisansi ile ya miaka 3, na masta inafuata kwa miaka 2. Kwa hiyo vijana wawili wa mtaa wa Katindo wanaweza kuandika neno lilelile, mmoja kasoma miaka 5 na mwenzake 3, na wote wawili wakasema kweli. Andika mfumo uliosomea, idadi ya miaka, chuo na mwaka uliomaliza. Kama hujamaliza, andika: "Kozi zote zimekamilika, memwari haijatetewa." Nimewahi kuwaita watu wa namna hiyo kwenye usaili, na wengine tuliwachukua.

Katika afya mstari wa uongo una uzito mwingine. A2 ni muuguzi wa ngazi ya sekondari. A1 amesoma miaka 3 zaidi katika ISTM (taasisi ya juu ya ufundi wa tiba) au chuo cha namna hiyo. A2 aliyejiandika A1 anaweza kujikuta peke yake zamu ya usiku, mbele ya mama anayetoka damu, akitakiwa kuamua jambo ambalo hakufundishwa. Huyo simwambii asubiri hata siku moja kujisahihisha.

Sheria nayo ina mpaka ambao ni lazima uujue. Kutia chumvi kwenye CV kunaweza kukufanya ufukuzwe kazi. Kutengeneza diploma ya uongo ni jinai: kifungu cha 124 cha sheria ya adhabu ya Kongo kinatoa kifungo cha miezi 6 hadi miaka 5 kwa anayeghushi maandishi kwa nia ya kudanganya, na kifungu cha 126 kinamhesabu anayeitumia hati hiyo sawa na aliyeitengeneza. Wengi huvuka mpaka huu kwa hofu. Ujumbe wa Ijumaa umefika, rafiki anamjua mtu mwenye muhuri, na kosa la maneno linageuka kuwa kesi. Usiende kwa mtu huyo.

Na kuchapa kazi vizuri hakufuti kosa. Nchini Tanzania, tarehe 28 Aprili 2017, Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti yenye watumishi wa umma 9,932 walioonekana kuwa na vyeti vya kughushi, akaagiza waondolewe. Mwaka 2022 serikali ya Rais Samia iliamua warudishiwe michango waliyokatwa kwa ajili ya pensheni. Kazi zao hawakurudishiwa. Wakubwa pia huanguka. Scott Thompson, aliyekuwa mkuu wa Yahoo, alikuwa na shahada halali ya uhasibu, ila maelezo yake yalitaja pia sayansi ya kompyuta. Mei 2012 aliondoka, miezi minne tu baada ya kuanza.

Ushauri wa mitaani ni kukaa kimya. Mimi naupinga, kwa sababu mikataba yetu mingi ni ya muda, na kila inapofanywa upya faili linaweza kufunguliwa tena. Kama bado unaomba kazi, tuma CV iliyosahihishwa leo, na sentensi moja ya kueleza ulichobadili. Kama umeshaajiriwa, tafuta kwanza lile tangazo la kazi. Likiwa liliomba ngazi uliyonayo kweli, una nafasi nzuri ya kusikilizwa. Likiwa liliomba ile usiyonayo, jiandae kuipoteza kazi, lakini nenda mwenyewe kwa mwajiri kabla hawajakuita.

Wakikuachisha kwa kosa zito, dai sababu kwa maandishi: sheria ya kazi inampa mwajiri siku 15 za kazi, tangu ajue jambo hilo, kukuarifu uamuzi wake. Mshahara wa siku ulizofanya kazi ni haki yako. Usitie sahihi décompte final (hesabu ya mwisho ya malipo yako) bila kuisoma, na omba cheti kinachotaja kazi uliyofanya na muda wake.

Barua yenyewe iwe fupi, bila hadithi ya lava wala ya vita, hata kama ni kweli. Hayo utayasema ukiulizwa. "CV niliyowasilisha inasema nina lisansi. Nimekamilisha kozi zote, lakini sijatetea memwari. Naomba faili langu lisahihishwe, na niko tayari kueleza." Ambatisha karatasi za pointi za kila mwaka uliopita, weka tarehe, piga nakala mbili. Moja wapokezi wabaki nayo. Ya pili waigonge muhuri wa kupokelewa mbele yako, kisha uiweke kwenye farde, pamoja na D6, diploma yako ya sekondari.