Kikombe Kinachofurika: Maana na Chimbuko la Msemo



Wasemao Kiingereza, mtu anapojaliwa baraka kuliko alivyotarajia, husema kwamba kikombe chake kinafurika. Wengi huutumia msemo huo harusini na katika salamu za sikukuu bila kufahamu kwamba umetoka katika Maandiko Matakatifu. Chimbuko lake ni Zaburi ya 23, aya ya 5, nao ulienea kwa njia ya tafsiri ya Biblia iliyochapwa Uingereza mwaka 1611 kwa agizo la Mfalme James.

Zaburi hiyo huanza kwa kumtazama Mungu kama mchungaji. Katika aya ya 5 picha inabadilika: mchungaji anakuwa mwenyeji. Anamwandalia mgeni meza, anampaka mafuta kichwani, anamjazia kikombe hata kinamwagika. Tuzingatie kwamba karamu hiyo inafanyika maadui wakitazama. Basi kufurika si dalili kwamba shida zimekwisha, bali ni dalili ya ukarimu wa mwenye nyumba.

Mababa wa Kanisa waliona humo mfano wa Ekaristi Takatifu. Mtakatifu Sipriani, Askofu wa Karthago na shahidi aliyeuawa mwaka 258, aliitumia aya hiyo katika barua yake juu ya kikombe cha Bwana. Biblia ya Kilatini aliyoisoma ilisema kwamba kikombe hicho hulevya. Sipriani alifundisha kwamba ulevi huo si wa divai ya kawaida, kwa maana humrudishia mtu akili timamu na kumfanya aiache njia yake ya zamani.

Sisi wa Mbalibali, na wa Tarime na Serengeti kwa jumla, twajua kwamba si kila kufurika ni baraka. Mto Mara ukifurika huacha rutuba, lakini pia huzoa mazao. Vivyo hivyo na vipimo vyetu. Katika Luka 6:38 Bwana anawaahidi watoao kipimo kilichoshindiliwa na kufurika. Jirani anayempimia mjane debe la mahindi hadi lenye kilele anaishi Injili hiyo.

Lakini lipo gunia jingine lililofurika: lumbesa. Mnunuzi hulipa bei ya gunia moja, kisha hudai lijazwe kupita kiasi na kushonewa nyongeza juu. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inakataza jambo hilo, na Wakala wa Vipimo huwahimiza wakulima wauze kwa mizani. Kwa macho, lumbesa na kipimo cha Injili vyaweza kufanana. Tofauti ni kwamba kimoja hutolewa kwa upendo, kingine huporwa kwa mwenye shida ambaye hana budi kuuza. Nabii Amosi (8:5) aliwakemea wafanyabiashara wa namna hiyo waliochezea vipimo na mizani.

Kwa hiyo, kabla hatujasema kwamba vikombe vyetu vinafurika, tujihoji: vimejazwa na nani, na kwa jasho la nani? Aliyejazwa na Mungu hammwagi mwenzake, humgawia. Na aliyempunja mkulima arekebishe kipimo chake kwanza, ndipo akaribie meza ya Bwana.

Mungu atujalie mikono mikarimu na mizani ya haki. Amina.