Waliopona Saratani ya Matiti Wasikike

Katika mitaa na vijiji vyetu, saratani ya matiti hujulikana zaidi kwa misiba yake. Mwanamke akifariki kwa maradhi haya, turubai hufungwa, majirani hukusanyika na jina la ugonjwa hutajwa. Akipona, hurejea shambani, sokoni au ofisini, na mara nyingi hunyamaza. Hivyo jamii huwahesabu waliokufa na kuwasahau waliopona, kisha huamini kwamba saratani ya titi haina mwisho mwingine ila kaburi. Imani hiyo huwachelewesha wengi kufika hospitali.

Mwaka 2022, wanawake wapatao milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, na wapatao 670,000 walifariki. Katika nchi zenye kipato cha juu, ambako wengi hugunduliwa mapema na kukamilisha tiba, zaidi ya asilimia 90 huishi angalau miaka 5 baada ya kugunduliwa. Kwetu wagonjwa wengi hufika uvimbe ukiwa umeshakuwa mkubwa au umepasuka na kuwa kidonda. Uvimbe wa mwanzo aghalabu hauumi, na kwa kuwa hauumi, hupuuzwa.

Sauti ya aliyepona ina nafasi yake katika tiba, na jambo hili si geni. Mwaka 1952, mjini New York, Terese Lasser, mwanamke aliyeondolewa titi kwa sababu ya saratani, alianza kuwatembelea wodini wanawake waliofanyiwa upasuaji kama wake. Huduma yake, Reach to Recovery, ilichukuliwa na American Cancer Society mwaka 1969, na baadaye ikaenea katika nchi nyingi. Lasser hakuwa daktari. Alichowapelekea wagonjwa ni ushahidi wa mtu aliyekwisha kuipita njia ile.

Daktari anaweza kueleza kwamba kuchukuliwa kinyama kwa uchunguzi hakusababishi saratani, na kwamba nywele zinazonyonyoka kwa tibakemikali kwa kawaida huota tena. Lakini mgonjwa ana maswali mengine ambayo huona haya kumwuliza daktari: mume atanitazamaje? Nitavaaje? Nani atapika siku nisizoweza kuinuka? Aliyepitia hayo huyajibu kwa uzito wa pekee. Na asimulie yote: uchovu, nauli za kwenda na kurudi, mkono unaoweza kuvimba, na miadi ya ufuatiliaji inayoendelea hata baada ya tiba. Tumaini lisiloficha ugumu ndilo linaloaminika.

Kwa watumishi wenzangu wa afya: mkutanisheni mgonjwa na aliyepona mapema, kabla hofu haijamrudisha nyumbani. Pande zote mbili ziridhie kwanza, na siri za kila mmoja zilindwe. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni kwa mara ya kwanza. Mwenye uvimbe asiambiwe kwamba umri wake bado mdogo, wala asipewe dawa za kutuliza na kuachwa aende zake. Apimwe kwa mikono, apewe rufaa, na afuatiliwe mpaka majibu ya kinyama yapatikane.

Nawe msomaji, yajue matiti yako yalivyo kwa kawaida. Ukiona uvimbe titini au kwapani, ngozi iliyobonyea au kufanana na ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ilhali haikuwa hivyo, au inayotoa damu, nenda kituo cha afya kilicho karibu. Wanaume nao, ingawa ni wachache, huugua saratani hii. Uvimbe mwingi wa matiti si saratani, lakini hakuna awezaye kuutambua kwa kuutazama tu. Na wewe uliyepona, ukiwa tayari, mwambie jirani yako. Huenda naye ana uvimbe anaouficha.