Dereva mgonjwa na siri ya daktari

Upandapo basi kutoka Kitui au Wote kwenda Nairobi, wajua hali ya afya ya aliyeshika usukani?

Gari la abiria likienda kilomita 80 kwa saa, mwendo wa juu linaoruhusiwa, hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akizirai kwa sekunde 5 tu, gari litapita zaidi ya mita 100 bila mwenyewe. Katika barabara kuu ya Mombasa, kati ya Emali na Mtito Andei, umbali huo watosha kugongana na lori ana kwa ana.

Maradhi ya kuhofiwa ni kifafa, magonjwa ya moyo yanayosababisha kuzirai, upungufu wa macho, na kisukari cha kudungwa insulini, kwani sukari ikishuka ghafla mtu huchanganyikiwa.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humtaka anayeomba leseni atangaze ugonjwa unaoweza kuhatarisha wengine. Lakini wengi huchukua leseni wakiwa wazima. Ugonjwa huja baadaye, na daktari huwa wa kwanza kuujua. Afanyeje?

Katika jimbo la Ontario, Kanada, sheria humlazimu daktari kuripoti. Uingereza, wajibu ni wa mgonjwa; akikaidi, daktari aweza kuwaarifu wenye mamlaka.

Mimi naona njia ya pili ni bora. Tukiripoti kila mtu, wenye kifafa wataacha kuja kliniki na wataendesha bila dawa, jambo lililo baya zaidi. Kwa hivyo nitakueleza hatari, nitaiandika katika faili, na nitakuomba uje na jamaa yako. Ukiendelea kubeba abiria, uhai wao utatangulia siri yako, nami nitakujulisha kwanza kabla ya kuripoti.

"Daktari, watoto watakula nini?" Hilo ni swali la haki. Wagonjwa wengi wa kifafa hutulia wakimeza dawa bila kukosa. Uingereza, aliyemaliza miezi 12 bila kuanguka aweza kuruhusiwa tena kuendesha gari dogo. Kwa basi au lori, hutakiwa miaka 10 bila kuanguka na bila dawa.

Nawe mwenye matatu, dereva akikwambia ni mgonjwa, mtafutie kazi ya stejini au gereji. Ukimfukuza, wenzake watajifunza kuficha.