Mtoto amefanyiwa upasuaji wa kibofu, mbona bado anajikojolea?

Mzazi aliyeuza mbuzi ili mtoto akafanyiwe upasuaji hutarajia mtoto arudi nyumbani akiwa mkavu. Akiendelea kulowa, wengine humchapa au kumnyima maji. Hapa tunaeleza kwa nini hali hiyo hutokea na la kufanya.

Tuchukue mfano wa mvulana aliyezaliwa na utando unaoziba njia ya mkojo. Upasuaji huondoa utando huo. Lakini kibofu chake kimekuwa kikisukuma mkojo kwa nguvu tangu akiwa tumboni mwa mama, hivyo ukuta wake umekuwa mnene na mgumu. Njia imefunguka, ila kibofu bado kinahitaji kufundishwa. Mtoto hafanyi makusudi.

Daktari akiruhusu, mazoezi ya nyumbani ni haya:

Saa. Aende chooni kila baada ya saa 2 hadi 3, hata kama hajabanwa. Asijikamue, alegeze mwili. Akimaliza, asubiri kidogo kisha ajaribu tena, kwani mkojo unaobaki huleta maambukizi.

Maji. Usimnyime. Anywe vizuri mchana, apunguze jioni.

Choo kubwa. Choo kigumu hubana kibofu. Mpe matunda, mboga na maharage.

Daftari. Kwa siku 2 au 3, andika saa aliyokojoa, kiasi, na alipolowa. Tumia kikombe cha kupimia. Kibofu cha mtoto wa miaka 7 kwa kawaida hubeba takriban mililita 240. Daftari hilo litamsaidia sana daktari.

Baadhi ya watoto hawawezi kumaliza mkojo wenyewe. Hao hutolewa mkojo kwa mpira mara kadhaa kwa siku, kisha mpira huondolewa. Daktari Jack Lapides wa Marekani alionyesha mwaka 1972 kwamba kazi hii inaweza kufanyika kwa usafi wa kawaida. Muuguzi atakufundisha, na mtoto akikua atajifanyia mwenyewe. Usiache kwa sababu ya aibu, maana mkojo ukirudi nyuma huharibu figo.

Mtoto akipata homa, akishindwa kukojoa, tumbo la chini likivimba au akikojoa damu, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Usingoje tarehe ya kliniki.

Mabadiliko huchukua miezi. Zungumza na mwalimu wake amruhusu kutoka darasani bila kuulizwa mbele ya wenzake, na mfungie nguo ya kubadilisha kwenye begi.