Fumbo la Safu Tupu

Anayeifungua Ruby Koans kwa mara ya kwanza hudhani amepewa kazi iliyoharibika. Faili zimejaa mistari ya programu yenye mapengo, na ukiiendesha, kompyuta inagoma papo hapo, inakutajia mstari uliokwama na kukutaka ukatafakari. Unajaza pengo, unaendesha tena. Ukipatia, unasogea, ukikosea, unabaki pale pale.

Mazoezi haya yametokana na kazi ya Wamarekani Jim Weirich, aliyefariki mwaka 2014, na Joe O'Brien. Ruby yenyewe, lugha ya kuandikia programu, ilibuniwa na Mjapani Yukihiro Matsumoto na kutolewa mwaka 1995. Koan ni fumbo ambalo watawa wa Zen humpa mwanafunzi akae nalo, badala ya kumhubiria. Hapa kila fumbo ni jaribio, sawa na yale ambayo waandishi wa programu hutumia kukagua kazi zao.

Kwa mfano, chukua safu, yaani orodha, yenye vitu vinne. Hesabu huanzia sifuri, kwa hiyo cha mwisho kiko nafasi ya 3. Omba kipande chenye urefu wa sifuri kuanzia nafasi ya 4: Ruby inakupa safu tupu. Omba kuanzia nafasi ya 5: inakupa nil, yaani hakuna kabisa. Ni rahisi mno kuandika jibu moja kwa yote mawili, na maandishi mekundu ya kosa yakakukwamisha. Kumbe 4 ni ukingoni, mahali ambapo bado unaweza kupachika kitu; 5 iko nje ya safu. Kitabu kingelisema hilo kwa sentensi moja, nawe ungelipita bila kulisoma vizuri. Hapa umeshatoa jibu lako, ukakataliwa, na sasa unataka kujua kwa nini.

Lakini kuna mwanya. Ukiendesha fumbo bila kujaza kitu, mara nyingi ujumbe wa kosa unaitaja thamani inayotakiwa. Mvivu anaweza kudesa faili baada ya faili, akapita bila kufikiri hata mara moja.

Atakwamia kwenye mchezo wa dadu uitwao Greed. Moja tatu ni alama 1000, moja inayobaki ni 100, tano ni 50. Dadu zikitua 1, 1, 1, 5, 1, jumla ni 1150. Programu ya kukokotoa alama hizo ameachiwa aiandike yeye, na safari hii kuijua jumla hakumsaidii kitu.